FEDHA ULIYOTOA BADO YAHESABIWA YAKO

Katika nyumba nyingi za wafanya kazi wa nchi hii, toka Mombasa mpaka Kisumu, yuko mtoto au ndugu aliyevuka bahari kwenda kutafuta riziki. Mmoja ni mwuguzi katika hospitali ya Uingereza, mwingine ni mlezi wa wazee, mwingine yuko ghalani akipakia mizigo usiku. Mwisho wa mwezi simu hulia na fedha huingia. Karo hulipwa, dawa ya mama hununuliwa, na nyumba huezekwa. Hili ni jambo la heshima, na gazeti letu halitaandika neno hata moja la kulitweza.

Lakini liko jambo moja ambalo wengi hawalijui, mtumaji wala mpokeaji, nalo laweza kumtia mtu taabuni. Ni hili: mtu aliye katika nchi ile akitoa akiba yake kumpa mwingine, kisha siku za shida akaenda kuiomba Serikali msaada, Serikali yaweza kumwambia kwamba fedha aliyotoa inahesabiwa kana kwamba bado iko mkononi mwake. Basi atarudi nyumbani akiba hana, na msaada hana.

Twaandika habari hii kwa wanachama waliopo hapa kwa sababu mara nyingi ombi hutoka hapa. Ni sisi tunaopiga simu kusema ploti imepatikana na mwenyewe ataka alipwe fedha zote kwa mara moja. Tena tangu Julai 2021, Serikali ya Kenya na ya Uingereza zilipotia sahihi mapatano juu ya wauguzi na wafanya kazi wengine wa afya, vijana wengi zaidi wanaitazama njia hiyo. Anayemwomba ndugu yake fedha yafaa ajue ni kinga gani anayomwondolea.

MISAADA YA NAMNA MBILI

Kwanza tutenganishe mambo, kwa maana watu huyachanganya. Huko Uingereza malipo ya Serikali kwa wenye shida ni ya namna mbili.

Namna ya kwanza hutoka katika michango. Mfanya kazi hukatwa mshahara kwa ajili ya Bima ya Taifa, na tajiri wake naye hulipa sehemu yake. Akipoteza kazi, na akiwa amechanga vya kutosha katika miaka ya karibuni, aweza kulipwa malipo ya mtu asiye na kazi kwa muda usiozidi siku 182. Akizeeka hupata pensheni ya Serikali. Kwa kanuni zilizoanza Aprili 2016, kwa kawaida hana budi awe na miaka 10 ya michango ili apate chochote, na miaka 35 ili apate pensheni kamili. Kwa malipo haya hapana karani atakayemwuliza ana akiba kiasi gani benki. Amechanga, basi ni haki yake. Awe na pauni 100 au pauni 100,000, hapana tofauti.

Namna ya pili hutolewa kwa kupimwa uwezo. Hapa Serikali huuliza kwanza: wewe una nini? Mkubwa wa misaada hii kwa watu wa umri wa kufanya kazi ni ule uitwao Universal Credit, ulioletwa na sheria ya 2012. Hupewa asiye na kazi, hupewa mgonjwa, na hata mwenye kazi ya mshahara mdogo. Na ndani yake mna fedha ya kusaidia kulipa kodi ya nyumba. Kwa wazee uko uitwao Pension Credit. Ni katika namna hii ya pili tu ndipo akiba iliyotolewa humfuata mtu.

Na tuseme mapema: aliye huko kwa kibali cha kazi tu, kwa kawaida kibali chake chasema wazi kwamba hana ruhusa ya kupokea fedha za umma, na misaada hii ya kupimwa uwezo imo katika hizo. Akiiomba aweza kuharibu kibali chake. Maneno yafuatayo yawahusu hasa wale waliokwisha pata ruhusa ya kukaa daima, au uraia. Lakini aliye na kibali naye ayasome, maana huenda kesho atakuwa miongoni mwao, na karani aweza kuuliza habari za jana.

HESABU YENYEWE

Kwa Universal Credit hesabu ni hii. Akiba isiyozidi pauni 6,000 haihesabiwi. Akiba ikizidi pauni 16,000, msaada hakuna kabisa. Katikati ya hapo, kwa kila pauni 250 zilizozidi 6,000, au sehemu yake, msaada hupunguzwa kwa pauni 4.35 kila mwezi. Kwa hiyo mwenye pauni 10,000 hupunguziwa pauni 69.60 kwa mwezi. Mume na mke wakaao pamoja huhesabiwa pamoja, na kikomo cha 16,000 hakiongezeki kwa sababu wao ni wawili.

Mtu akisoma hesabu hiyo, wazo la kwanza humjia upesi: "Nina pauni 25,000. Nikimpelekea kaka pauni 19,000 anunue shamba, nitabaki na 6,000, nami nitapata msaada wote." Waliotunga sheria nao waliliona wazo hilo. Kanuni za 2013 zasema kwamba mtu aliyejiondolea mali kwa kusudi la kupata msaada, au kupata msaada mkubwa zaidi, atahesabiwa kuwa bado anayo mali hiyo. Basi dada yetu huyo ana 6,000 za kweli benki, na 19,000 za vitabuni. Jumla ni 25,000, nayo imepita kikomo. Jibu ni hakuna msaada. Kodi ya nyumba yangoja, nayo shamba lililoko Kitale halilipi kodi ya chumba cha London.

Fedha hii ya vitabuni haikai milele. Ikizidi 16,000, kila mwezi hupunguzwa kwa kiasi cha msaada ambao mtu angaliupata kama si fedha hiyo. Ikishuka chini ya 16,000, hupunguzwa kwa kiasi kidogo zaidi, yaani kile ambacho ingalikata katika msaada wake. Ni safari ndefu. Na katika safari hiyo anakula akiba yake iliyobaki, na ikiisha anaanza kukopa.

NENO KUBWA NI KUSUDI

Hapa ndipo panapotaka uangalifu, kwa maana watu wakisikia haya huogopa kupita kiasi, wakadhani ni kosa kumpa mzazi fedha. Si kosa. Sheria haikatazi kutoa. Yauliza ulitoa kwa nini.

Kama ulimlipia baba hospitali, au ulizika, au ulitimiza ahadi ya miaka mingi ya kumjengea mama nyumba, wakati ule una kazi yako na hukuwa na fikira ya kuomba msaada, basi kusudi lako halikuwa msaada. Kama hukuijua kanuni ya kikomo cha akiba, ni vigumu mtu kusema ulitoa fedha ili kuikwepa. Lakini kama barua ya kufukuzwa kazi ilikwisha fika Jumatatu, na Jumatano ukatoa pauni 19,000, karani atakuwa na maswali. Na jueni hili: si lazima msaada uwe ndiyo sababu ya pekee. Ukiwa ni mojawapo ya sababu kubwa zilizokusukuma, yatosha.

Ziko pia njia ambazo sheria yenyewe imeziacha wazi. Fedha iliyotumiwa kulipa deni unalodaiwa haihesabiwi kuwa umejiondolea. Vivyo hivyo fedha iliyotumiwa kununua vitu au huduma, ikiwa matumizi yenyewe ni ya kiasi kwa hali yako. Kitanda kilichovunjika kikanunuliwa kingine, gari la kwendea kazini likatengenezwa, hayo si makosa. Aliyekopa kwa chama cha akiba na mikopo hapa kwetu akalilipa deni lake kwa haki, na aweke risiti.

Tena wajibu umegawanyika. Ni kazi ya Serikali kuonyesha kwamba kusudi lako lilikuwa msaada. Lakini ni kazi yako wewe kuonyesha kwamba fedha imetoka kweli. Anayesema "niliwapa watu nyumbani" bila karatasi yoyote, aweza kuhesabiwa kuwa ameificha, na hilo ni baya zaidi kuliko kuitoa. Na anayejaza fomu akasema uwongo aweza kushitakiwa.

MANENO YA VIBARAZANI

Yako maneno yanayopita toka mdomo hadi mdomo, nayo yamewapoteza wengi. Tuyataje.

La kwanza ni la miaka 7. Watu husema: ukitoa fedha na miaka 7 ikapita, Serikali ya Uingereza haiwezi kuiuliza tena. Miaka 7 hiyo ni ya kodi ya urithi, ambayo hutozwa mali ya mtu aliyekufa. Haina uhusiano na misaada. Katika Universal Credit hapana idadi ya miaka iliyowekwa. Ni kweli kwamba kadiri miaka inavyopita ndivyo ilivyo vigumu kusema ulitoa kwa kusudi la msaada, lakini hapana mlango unaofungwa kwa tarehe.

La pili ni la pauni 3,000. Watu husema mtu ana ruhusa ya kugawa pauni 3,000 kila mwaka. Hilo nalo ni la kodi ya urithi. Karani wa misaada hana habari nalo.

La tatu ni kwamba shamba la Kenya haliwezi kuonekana kutoka London. Anayesema hivyo ampe ndugu yake hasara. Fomu yauliza juu ya mali popote ilipo, na shamba au nyumba iliyo kwa jina lako, hata kama iko Kitengela au Malindi, ni mali yako, ila ile nyumba unayokaa wewe mwenyewe. Thamani yake hukadiriwa, na madeni yaliyoshikwa juu yake huondolewa. Kanuni zimeitoa katika hesabu nyumba anamokaa jamaa wa karibu aliyefikia umri wa pensheni, au asiyeweza kazi kwa ugonjwa. Kwa hiyo mwenye nyumba anamokaa mama mzee alieleze jambo hilo wazi, asilifiche. Kuandikisha shamba kwa jina la kaka ili lisionekane huleta hatari mbili: karani aweza kusema umejiondolea mali, na kaka aweza kusema shamba ni lake. Kesi za namna hii ya pili zajulikana vizuri katika mahakama zetu.

La nne halisemwi sana, lakini laumiza. Wenzetu huko ng'ambo wana vyama vyao vya matanga na vya kuweka fedha, na mara nyingi fedha zote hukaa katika akaunti ya mweka hazina mmoja. Siku anapoomba msaada, pauni 12,000 za chama zaonekana ni zake. Sheria haimhesabii mtu fedha asizomiliki, lakini ni lazima aonyeshe ni za nani: daftari, orodha ya wanachama, na sahihi. Na ni bora zaidi chama kiwe na akaunti yake chenyewe.

WAZEE NA NYUMBA ZA KUTUNZIA

Kwa wazee hesabu ni nyingine. Katika Pension Credit pauni 10,000 za kwanza haziguswi, na kila pauni 500 zinazozidi, au sehemu yake, huhesabiwa kana kwamba zaleta pauni 1 kwa juma. Hapana kikomo cha juu. Lakini kanuni ya kujiondolea mali ipo vile vile.

Jambo lililo zito zaidi ni gharama ya kutunzwa uzeeni. Katika jimbo la England, mzee mwenye mali ya zaidi ya pauni 23,250 hulipa gharama zote mwenyewe, na akihamia kabisa katika nyumba ya kutunzia wazee, nyumba aliyoiacha yaweza kuhesabiwa, isipokuwa mkewe au mumewe bado anakaa ndani yake. Akiwa na mali chini ya pauni 14,250, akiba yake haiguswi. Huko wako wazee wengi waliotoka hapa kwetu, wakiwamo wale wa asili ya Kihindi waliohama katika miaka ya 1967 na 1968, na leo wengi wao wamefikia umri huo. Mzee akimpa mtoto nyumba yake kwa kusudi la kukwepa malipo hayo, sheria ya 2014 yampa baraza la mji nguvu ya kumdai hata yule aliyepewa. Hapo zawadi humgeukia mpokeaji ikawa deni. Kwa hiyo anayepokea mali ya mzazi aliye huko na aulize kwanza.

Marekani nako kanuni zipo, ila huko huhesabu miezi. Kwa msaada wa nyumba ya kutunzia wazee chini ya Medicaid, katika majimbo mengi karani hutazama nyuma miezi 60, yaani miaka 5, kwa sheria iliyotiwa sahihi Februari 2006. Kwa msaada uitwao SSI, wa wazee, vipofu na walemavu maskini, mtu hana ruhusa kuwa na zaidi ya dola 2,000, na mume na mke dola 3,000, viwango ambavyo havijabadilishwa tangu 1989. Akiitoa mali yake bure ili ahesabiwe maskini, aweza kunyimwa msaada huo hadi miezi 36.

WALIOTUTANGULIA WALIYAONA

Mwanachama atauliza: mambo haya yahusu nini chama cha wafanya kazi? Tumjibu kwa historia.

Mwaka 1931 kazi zilikuwa zimekatika Uingereza, na mamilioni walikuwa wamekaa bure. Serikali ya wakati ule ikaamuru kwamba mtu aliyemaliza haki yake ya bima asipewe msaada mpaka wapimwe watu wote wa nyumba yake. Karani aliingia ndani. Alitazama viti na kabati. Aliuliza akiba ya mke na mshahara wa binti. Kijana akipata kazi, msaada wa baba ulikatwa. Basi vijana wengine waliondoka kwao wakapanga vyumba mahali pengine, ili baba apate kula. Sheria iliyosemwa kuwa ya kulinda hazina ilizigawanya jamaa.

Wafanya kazi hawakunyamaza. Katika mwaka 1932 watu wasio na kazi walitembea kwa miguu toka miji ya mbali mpaka London, wakichukua maombi yaliyosemekana kuwa na sahihi milioni moja, na polisi wakawanyang'anya. Lakini kelele haikuisha. Mwaka 1941, wakati Ernest Bevin aliyekuwa kiongozi wa chama kikubwa cha wafanya kazi wa uchukuzi alikuwa Waziri wa Kazi, ile desturi ya kuipima nyumba nzima iliondolewa kwa sheria. Na mwaka uliofuata William Beveridge, katika taarifa yake maarufu, alieleza jinsi watu walivyochukia kupimwa uwezo, akashauri bima ya wote: kila mtu achange, na kila aliyechanga alipwe bila kuulizwa ana nini. Juu ya msingi huo ikajengwa sheria ya Bima ya Taifa ya 1946, iliyoanza kazi tarehe 5 Julai 1948.

Kupimwa uwezo hakukufa. Kulibaki pembeni, kisha kukakua tena, mpaka leo ni sehemu kubwa ya misaada ya nchi ile. Twaona basi tofauti ya njia mbili. Kwa njia ya michango mtu husimama wima kudai haki yake. Kwa njia ya kupimwa humbidi kwanza athibitishe umaskini wake, na ukarimu wake nao huulizwa maswali. Yule aliyemjengea mama yake nyumba na yule aliyeficha fedha husimama mbele ya karani mmoja, na karani ndiye atakayewatenganisha.

Hatusemi sheria hiyo haina sababu. Fedha ya msaada ni kodi ya wafanya kazi wengine. Haifai mwenye pauni 50,000 aziweke kwa shemeji kisha akae akilishwa na wenzake. Chama kinachojua maana ya mchango hakiwezi kumtetea mtu wa namna hiyo. Tunachosema ni kwamba kanuni ya kumkamata mjanja isimwangushe asiyejua.

NA HAPA KWETU?

Na hapa kwetu kupimwa kumekwisha ingia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima mpya ya afya iliposhika mahali pa NHIF, mfanya kazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Lakini mchuuzi, fundi wa jua kali, na mkulima huulizwa maswali juu ya nyumba yao na mali yao, kisha huambiwa watalipa kiasi gani, na hakipungui shilingi 300 kwa mwezi. Huko hupimwa ili kujua mtu atalipa ngapi, wala si kujua atapewa ngapi. Lakini njia ni ile ile ya kumtazama mtu kwa vitu vyake. Wanachama wetu wengi wana wake na wazazi walio katika kundi hilo. Yatupasa kulitazama jambo hili kwa macho mawili, na kuhakikisha kwamba kila aliyepimwa ana mahali pa kurudi akisema, "Mmenipima vibaya."

Na yatupasa kuilinda mifuko yetu ya michango. N.S.S.F. iliundwa 1965, na fedha yake ni ya mchangaji. Siku ya kustaafu hapana atakayemwuliza mwanachama kama ana ng'ombe, wala kama mwaka jana alimpa mpwa wake karo. Tajiri asiyepeleka michango hiyo anamwondolea mfanya kazi malipo yale yasiyomwuliza mtu hali yake, na kumwacha kwa yale yanayomwuliza. Ndiyo maana katibu wa tawi asichoke kuuliza habari za michango kila mwezi.

YAFAAYO KUFANYWA

Kwa wenye ndugu Uingereza, twashauri mambo haya, nao wawapelekee:

1. Toa kwa sababu ya kweli, na wakati una kazi. Usingoje siku ya shida ndipo ugawe akiba.

2. Usimalize akiba. Mwombaji aliye Kenya na akumbuke kwamba ndugu yake naye hulipa kodi ya nyumba, na kazi ya ng'ambo hukatika kama ya hapa. Shamba laweza kungoja miezi 6.

3. Weka karatasi: risiti ya benki, ujumbe wa M-Pesa, barua ya hospitali, hati ya kununua shamba, karatasi ya karo. Andika tarehe na sababu. Aliyepokea naye aweke nakala na atie sahihi.

4. Kwenye fomu sema kweli yote, hata ya shamba lililo nyumbani. Swali likiwa gumu, uliza kabla ya kujibu.

5. Ukinyimwa msaada kwa sababu hii, usikae ukilia. Una mwezi 1 wa kuomba uamuzi uangaliwe upya. Na ukishindwa hapo, una mwezi 1 mwingine wa kukata rufani mbele ya baraza la hukumu lisilo chini ya wizara hiyo. Mweleze kusudi lako, na uonyeshe karatasi zako.

6. Uliza kwanza kama una haki ya malipo ya michango. Hayo hayatazami akiba, na hayamo katika fedha za umma zilizokatazwa na kibali.

7. Ingia chama. Wafanya kazi wa afya na wa mabaraza ya miji huko wana UNISON na vyama vingine. Tena ziko ofisi za Citizens Advice ambazo hutoa shauri bila malipo. Kanuni hizi hubadilika, na tarakimu tulizoandika hapa zisikaririwe kwa miaka bila kuulizwa tena.

Ndugu wanachama, sisi ni watu wa Harambee, na desturi yetu ya kutoa haitakoma kwa sababu ya fomu. Lakini anayetoa na ajue anachotoa, na anayeomba na ajue anachoomba. Mwanachama akipiga simu ng'ambo juma hili kuomba fedha ya ploti, na aulize kwanza, "Ukitoa hii, utabaki na nini, na ukipoteza kazi utakula nini?" Swali hilo halina gharama, nalo laweza kuokoa nyumba mbili.

Na sisi katika chama tuendelee kudai malipo yanayotokana na mchango, yaliyoandikwa katika sheria, na ambayo mfanya kazi huyachukua bila kuvuliwa nguo mbele ya karani.

Umoja ni nguvu.

Mhariri